Kuimba Bila Kufungua Koo

Kwanza kabisa, acheni mayai mabichi. Nimeambiwa kwamba siku hizi mkitaka kurekodi mnapasua mayai mawili asubuhi na kuyabugia pamoja na limao, eti sauti itoke laini. Yai linapita njia ya chakula, wanangu, na sauti inakaa njia ya hewa. Unachopata ni tumbo linalonguruma kwenye maiki, na maiki za siku hizi zinasikia kila kitu. Mayai kaangeni mle. Koo linataka maji ya uvuguvugu, usingizi wa kutosha, na mdomo uliofungwa wakati huna la kuimba.

Nasema haya kwa kujiamini kwa sababu nimeshapitisha kwenye koo hili karibu kila kitu ambacho binadamu anaweza kupitisha na akabaki hai. Kijana mwenye studio pale Majengo, ambaye wengi wenu mnarekodi kwake, aliniomba nije niongee nanyi. Nikamwambia nikiongea nitasahau nusu na nusu nitaitia chumvi, afadhali niandike. Basi someni. Jina langu ni Perisi, ingawa watu wa Dodoma wa rika langu wananijua kama Perisi Msasa. Nimeimba roki katika mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa miaka kadhaa kati ya hiyo nilikuwa mlevi. Nayaweka yote mawili mezani mapema, maana najua mkishaambiwa la kwanza mnaruka la pili.

Najua mnacheka. Roki, Dodoma, tena mwanamke! Bendi yetu ilikuwa ya dansi, mali ya shirika moja la umma ambalo halipo tena. Tulikuwa waajiriwa kama makarani wengine: tuna mshahara, tuna likizo, tuna sare za kijani, na tuna daftari la mahudhurio ambalo Zabroni, mpiga dramu wetu, alichelewa kulisaini kila siku iendayo kwa Mungu. Saa ya kwanza ya onyesho bendi zote wakati ule zilipiga kopi, yaani nyimbo za nje, ili wageni na wanafunzi wachangamke kabla ya dansi lenyewe. Siku niliyokwenda kujaribiwa nilikuwa na mafua. Kiongozi wa bendi, Mzee Sudi, mtu wa Tabora aliyepiga gitaa la solo akiwa amekaa kwenye stuli kama fundi cherehani, alinisikiliza mpaka mwisho bila kutikisa hata kope. Kisha akasema, "Binti, sauti yako inapiga msasa. Nyimbo za mapenzi utawaumiza watu. Utaimba roki."

Mafua yaliisha, msasa ukabaki, na jina likabaki nao.

Tatizo ni kwamba Kiingereza sikukijua. Nilikuwa nakaa mbele ya redio kaseti ya Mzee Sudi na daftari, naandika ninachosikia, kurasa nzima za maneno ambayo hayapo duniani. Kuna mzungu mmoja aliyekuja mkoani kuchimba visima, akatusikia hotelini, akanifuata na kuniuliza kupitia mhudumu kama wimbo ule ulikuwa wa Kigogo. Alisema ameupenda sana. Nikamwambia ndiyo, ni Kigogo cha ndani kabisa, cha kule Mpwapwa. Mzee Sudi alipopata habari aliniita pembeni.

"Kama unaweza kudanganya kwa Kigogo, unaweza na kuimba kwa Kigogo," alisema. "Au imba Kiswahili. Usitaabishe wageni wa watu."

Ndivyo nilivyoanza kutunga. Roki yangu ya kwanza ilihusu mbuzi aliyekula barua ya uhamisho ya karani, na wanafunzi walikuwa wakiiruka mpaka vumbi linaingia kwenye spika. Bugi letu, lile dansi la Jumapili mchana lililokuwa la vijana, likaanza kujaa kwa sababu ya mbuzi yule.

Kazi yenyewe alinifundisha Mzee Sudi, na nitawapa bure alivyonipa yeye. Maiki usiitafune kama hindi la kuchoma. Weka upana wa ngumi kati yake na mdomo, na ukipanda juu rudisha kichwa nyuma, miguu ibaki palepale. Neno linaloanza kwa kishindo, geuza kidevu kidogo ili lisilipuke. Mwezi mzima aliniimbisha mbele ya mshumaa unaowaka. Moto ukicheza, anapiga ubao kwa kidole: pumzi yako inamwagika bure, anza tena. Nilimchukia huyo mzee kwa mwezi mzima. Baada ya hapo niliweza kuimba saa nne mfululizo na bado nikaongea kesho yake, jambo ambalo wengi wenu hamliwezi, nimewasikia.

Sasa nije kwenye kufungua koo.

Kila fani ina dawa yake ya uongo, na yetu waimbaji wa bendi ilikuwa hiyo. Kabla ya kupanda jukwaani unapata kidogo, ya kuondoa baridi na woga, ndiyo koo linafunguka. Mnaijua Dodoma ya Juni na Julai, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Mvinyo wa zabibu zetu ulikuwa jirani, haukuhitaji safari. Zabroni ndiye aliyenimiminia kikombe cha kwanza, kwa nia njema kabisa, maana aliniona nyuma ya pazia natetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Nikanywa, nikapanda, nikaimba vizuri mno. Watu walishangilia, na shukrani zote mimi nikampa mvinyo. Mshumaa wa mwezi mzima nikausahau.

Mwaka haukuisha nikawa na chupa yangu ya chai, nyekundu, yenye maua. Ndani hamkuwa na chai. Niliwaambia wenzangu ni tangawizi na asali, nao kwa heshima wakawa wanaitikia, wakati ukumbi mzima unanuka zabibu. Mwanzoni nilifungua koo kabla ya onyesho. Baadaye nikawa nalifungua kabla ya mazoezi, halafu kabla ya kupiga mswaki. Mume niliyekuwa naye alihamia Singida na kuniachia ujumbe kwa jirani. Hata huo ujumbe nilikwenda kuusikiliza wiki iliyofuata, maana jirani kila akija alinikuta nimelala.

Niwaeleze kifundi pombe inamfanya nini mwimbaji, maana watu wa dini watawaambia ni dhambi na mtawapuuza. Koo inalikausha. Pumzi inaifupisha. Lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba inakuziba masikio yako mwenyewe. Unashuka chini ya ufunguo wa wimbo na unajisikia uko juu. Unachelewa kuingia na unaona ni bendi iliyowahi. Nilikuwa nashuka jukwaani nikiwalaumu wapiga magitaa, na wao wananitazama tu.

Ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamjui furaha ya kuona sabuni tano za rangi tofauti kwenye rafu moja. Nguo za mitumba zilimwagika sokoni, nikanunua koti la ngozi lililokuwa la mwanamume mnene wa Ulaya, nikapanda nalo jukwaani, roki ikakamilika. Ila ruksa hiyohiyo ndiyo iliyotumwagia unga. Tuliitwa ofisini siku moja asubuhi tukaambiwa shirika linafungwa na sote tumepunguzwa kazini. Mzee Sudi hakutaka kiinua mgongo cha fedha, akaomba apewe vyombo: magitaa, dramu, spika na maiki mbili. Tukawa bendi ya kujitegemea, tukahamia kwenye baa.

Pale baa hapakuwa na daftari la mahudhurio wala bosi wa kuogopa. Mtaa wa pili yalikuwepo madisko, na kuna bwana mmoja alikuwa na kinanda cha umeme kinachopiga dramu, besi na tarumbeta peke yake, tena hakidai chakula. Ili wateja wasihame tuliwafurahisha kwa kila njia. Na mteja wa baa akimpenda mwimbaji hatumi salamu, anatuma chupa. Kipindi cha Bunge mji ukijaa wageni, meza yetu ilikuwa haionekani kwa chupa. Kukataa ilikuwa kumdharau mteja. Kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kikazi kabisa ya kulewa, na hakuna mlevi anayekosa sababu ya kikazi.

Lililonimaliza lilitokea kwenye harusi, mchana kweupe.

Bendi ikikodiwa kwenye sherehe, kamati humpa mwimbaji karatasi. Juu yameandikwa majina ya watu wa kutajwa kwenye wimbo wa pongezi: wazazi, wajomba, wafadhili. Chini wameandikwa marehemu wa ukoo, wa kukumbukwa kwa ubeti mmoja wa taratibu kabla ya keki. Ni kazi rahisi. Mtu yeyote anayejua kusoma anaiweza, mradi aone vizuri. Siku hiyo nilikuwa nimefungua koo tangu alfajiri. Harusi ilikuwa ya kijana wa ukoo mmoja wa Mvumi, na mama yake alikuwa amekaa mbele kabisa na khanga mpya, uso wote furaha. Nikaishika karatasi juu chini. Nikaanza ule ubeti wa taratibu, kwa uchungu mkubwa, machozi yananitoka ya kweli, nikamuaga yule mama kwa jina lake kamili na kumwombea alale pema. Halafu nikabadilisha mdundo na kumwita babu wa bwana harusi, aliyezikwa miaka mingi, ainuke aje kucheza.

Babu hakuinuka. Aliinuka yule mama.

"Mwanangu," aliniambia, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji maiki, "mimi bado nipo. Nani amekutuma?"

Mjue uzito wa swali hilo. Kwetu kumlilia mtu aliye hai, tena kwa jina, mbele ya ukoo wake, ni kumtakia kifo. Wazee walianza kuulizana nani kanilipa. Bibi harusi alikuwa analia. Mzee Sudi alizima vyombo, akanishika mkono na kunitoa nje kama mtoto aliyejikojolea. Kesho yake alifunga safari kwenda Mvumi kuniombea radhi, akakaa kwenye kigoda tangu asubuhi hadi jua likapinda, mpaka yule mama akakubali kwamba ulikuwa ulevi na si uchawi. Alinisamehe. Mimi hata uso wa kwenda sikuwa nao.

Aliporudi alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni. Hakufoka.

"Perisi, maiki yangu hutaishika tena mpaka uishike ukiwa na akili zako."

"Mzee, nikiwa na akili zangu siwezi kuimba."

"Hilo nalo ndilo unatakiwa ulijue," alisema, akaenda zake.

Nililala na maneno hayo siku tatu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Kufa sikukuogopa sana. Niliogopa kwamba nikiacha pombe nitakuta Msasa hayupo, kwamba aliyeimba miaka yote ile ilikuwa chupa yenye maua, na mimi ni mwanamke tu mwenye sauti mbaya na koti la watu.

Shangazi yangu Yunisi, dada wa baba, alikuwa mkulima kule Mlali. Habari za harusi zilimfikia kabla vumbi halijatulia, akapanda basi akaja. Aliingia chumbani, akaniangalia, akaichukua chupa ya chai, akanusa, akaimwaga dirishani. "Vaa," akasema. "Twende nyumbani."

Hatukwenda moja kwa moja. Na hapa sikilizeni vizuri, maana kuna watu wanakufa kwa kutojua: mtu aliyezoea pombe ya kila siku asikatishwe ghafla nyumbani kwa maombi na uji. Nilitetemeka, nikaona siafu ambao hawakuwepo wanapanda ukutani, moyo ukaenda mbio kama ngoma ya tumba. Shangazi alinipeleka hospitali nikalazwa zaidi ya wiki. Muuguzi mmoja mfupi, mkali, aliniambia, "Dada, huu ni ugonjwa. Ukitoka hapa hujapona, umeanza." Nilimwona mchoyo wa maneno matamu. Baadaye nikaona ndiye peke yake aliyeniambia ukweli wodi nzima.

Mlali nilipewa kazi ya kubangua karanga za mbegu. Za kula unaweza kuzitwanga vyovyote, lakini ya mbegu inabanguliwa kwa mkono, maana ukiichubua ile ngozi nyekundu haioti. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, kila ninayoipasua inaharibika. Shangazi alizikusanya zilizochubuka, akazikaanga, tukazila. Tulikula karanga nyingi sana miezi ile. Kidogo kidogo nikaanza kuona kwenye ungo zimebaki nzima kumi, halafu kiganja kizima.

Sitawadanganya kwamba nilinyooka. Mwezi wangu wa pili pale nilitoroka nikaenda kwa mama mmoja mpika pombe ng'ambo ya korongo, nikarudi nimebebwa. Shangazi alinifungulia mlango, akanitandikia, na asubuhi akaniwekea ungo wa karanga mbele. "Anza," akasema. Mwinjilisti wa pale naye alikuwa anakuja kunishawishi niache muziki wa baa niingie kwaya, nami nilimheshimu, lakini nilimwambia ukweli: mimi nataka kazi yangu. Sikuugua kwa sababu ya gitaa.

Kuimba sikuimba. Hata kwa kujiibia. Nilikuwa nahofia jibu.

Ikaja palizi. Shangazi alikuwa na shamba kubwa la mtama na mikono minne tu, ukijumlisha yangu inayotetemeka. Kwetu mtu wa namna hiyo anaalika majirani: wanakuja na majembe alfajiri, wanapalilia, na kazi ikiisha wanapewa pombe ya mtama aliyoiandaa mwenye shamba. Shangazi aliipika akinificha, mitungi akaiweka kwa jirani. Tulipanga nitakuwa shambani tu, kumimina atamimina yeye. Na nililima siku hiyo, wanangu, mstari kwa mstari na wanawake, wao wakiimba na mimi nikivumisha midomo imefungwa tu, nisionekane nawabeza.

Jua lilipokuwa juu palizi ilikwisha, watu wakakaa kivulini. Shangazi alikwenda kuuleta mtungi wa pili. Mzee Chiwanga, mkubwa kuliko wote pale, akanisalimu kwa Kigogo na kunyoosha mkono kwangu.

"Mbukwa, mwanangu. Tupe basi hicho kibuyu, makoo yamekauka."

Ningekataaje? Mimi ndiye binti wa nyumba. Nikachota pombe kwa kibuyu, nikakipeleka kwa mikono miwili na kupiga goti. Hapo ndipo nilipokumbuka. Anayempa mgeni pombe hunywa yeye kwanza, funda moja, mbele ya macho yake, ili aone kwamba ndani hamna kitu kibaya. Ni adabu ya siku zote, hata haisemwi. Mzee Chiwanga alikuwa ananitazama akisubiri ninywe. Wote walikuwa wananitazama. Harufu ilikuwa inanipanda puani na kila kiungo changu kilikuwa kinasema funda moja tu, tena ni mila, nani atakulaumu?

"Mbona huonji?" mzee akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna nini humu?"

Nikaona mwanamke mmoja anaweka jembe lake begani ajiandae kuondoka. Shangazi yangu angelala mwenyeji wa watu wema na kuamka mchawi, kwa ajili yangu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mstari:

"Mzee, ndani mna pombe nzuri ya shangazi yangu. Ubaya uko kwangu. Mimi ni mlevi. Nikionja hiki sitakirudisha, na kesho nitakuwa nimekufa njiani."

Sijawahi kusema maneno magumu kama hayo, na nimeshasimama mbele ya kumbi zilizofurika. Shangazi alikuwa ameshafika na mtungi kichwani. Aliutua, akanipokonya kibuyu, akanywa, na hakunywa funda moja, alikunywa mpaka nusu, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Mmeniona? Sijafa," akasema. "Kunyweni. Na huyu mwanangu atawaimbia, ndiyo kazi yake aliyosomea."

Mzee Chiwanga alipokea kibuyu. Alikunywa taratibu, kisha akasema, "Haya, binti. Tusikie."

Nilifumba macho. Sikuwa na maiki, sikuwa na Zabroni nyuma yangu, wala kitu cha kushika. Nilianza ule wa mbuzi na barua ya karani, kwa Kigogo, na mstari wa kwanza ulitoka mwembamba kama uzi. Wanawake wakaupokea. Nyimbo zetu ndivyo zilivyo, hakuna anayeachwa peke yake. Mmoja anatupa, wengine wanadaka, huyu juu, yule chini, na mmoja aliyekuja na ngoma akaibana mapajani na kuipiga. Mstari wa tatu nikasikia kitu kinakwaruza. Nikafumbua macho nione ni nani. Kilikuwa changu.

Ndipo nilipoelewa kwamba koo halikufunguliwa na pombe hata siku moja. Lilikuwa limepashwa moto na asubuhi nzima ya kuvumisha kwenye palizi. Basi hiyo ndiyo dawa, na nawapa: nusu saa kabla ya kuimba, funga midomo uvumishe, chini kwenda juu, mpaka pua iwashe.

Niliondoka Mlali baada ya mavuno. Dodoma nilimkuta Mzee Sudi kwenye mazoezi, nikamwamkia. Aliitikia, akanitazama macho, akanitazama mikono, akasema, "Jumapili bugi. Nyimbo tatu."

Jumapili nilipanda. Nawaambieni, hofu ya kuimba ukiwa na akili zako haifanani na nyingine. Wimbo wa kwanza haujaisha, meza ya mbele wakatuma chupa. Nilimwomba mhudumu airudishe pamoja na asante yangu, na meza ile ilinuna mpaka mwisho, na hakuna aliyekufa. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa najisikia mwenyewe, na nilichosikia kilinitisha. Nilishuka. Nilichelewa. Kuna mahali pumzi iliniishia na nikameza neno zima. Watu walipiga makofi ya adabu, yale ya kumpigia mtoto wa jirani.

Nikaenda kukaa nyuma ya spika. Basi, nikajisemea, nimepata jibu, ngoja nirudi kwenye karanga.

Mzee Sudi alikuja na gitaa lake bado begani. Kwa miaka miwili ya mwisho, kabla ya ile harusi, alikuwa hasemi kitu juu ya uimbaji wangu. Nilikuwa nikishuka ananiambia tu nikalale, kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa. Alisimama mbele yangu na uso umekunjamana.

"Ubeti wa pili umeshuka," alisema. "Kibwagizo umechelewa mara mbili. Pumzi unaikata katikati ya neno kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Ile sauti ya juu usiiguse mpaka nikwambie. Umeimba vibaya, Perisi. Kesho saa nne mazoezi."

Nililia pale pale, kwa furaha, pua inanitoka, na yule mzee akabaki ananishangaa, hajui amesema nini. Nikamwambia saa nne nitakuwepo.

Nilifika saa tatu.